Chokaa, Mbolea na Jicho la Masanja

Vijana wangu wa machimboni, nyinyi mnaoletewa soda ya baridi kwa pikipiki hadi mdomoni mwa duara, shimo lenu la dhahabu, hamwezi kujua sisi tuliipataje baridi. Umeme haukuwepo. Jokofu lilikuwa huko Tarime mjini, tena nyumbani kwa watu wachache. Lakini pale kilimani kwetu, mchana jua likichoma, ulikuwa ukifika kwenye kibanda cha Ghati unapewa soda ambayo chupa yake inatoka jasho. Ukiishika, vidole vinashtuka. Watu walitembea kutoka machimbo mengine kuja kuinywa, na wengine waliinywa huku wakikemea pepo kwa jina la Yesu.

Hapakuwa na pepo. Palikuwa na beseni, maji, na mbolea ya yurea.

Mimi ndiye niliyeanzisha mambo hayo, na sitajifanya mnyenyekevu: nilijivunia sana. Nilikuwa kijana wa Gorong'a niliyemaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya kuendelea, nikawaacha baba na ng'ombe wake nikakimbilia dhahabu kama wenzangu wote wa miaka ile. Machimboni waliosoma hadi hapo walikuwa wachache. Siku ya kwanza niliropoka jambo fulani kuhusu asidi, na tangu hapo sikuitwa tena kwa jina alilonipa mama yangu. Nikawa Kemia. Hata leo hapa Morotonga ninapoishi, kuna mzee mmoja akiniona sokoni anapaza sauti, "Kemia, shikamoo!" na wajukuu zangu wanashangaa.

Ghati alikuwa mama mfanyabiashara, hodari, mwenye sauti ya kusikika hadi chini ya shimo. Shangazi zake walikuwa ng'ambo ya Sirari, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa nusu cha kwetu na nusu cha Kenya. Alikuwa na mfuko wa yurea kwa ajili ya mahindi yake. Nilipomwomba, alinitazama kama mwizi.

"Kemia, hii mbolea ni ya shamba. Unataka kuifanyia nini?"

"Kupoza soda, mama."

"Wacha! Mbolea inapoza soda? Kwani shule yenu walikuwa wanawafundisha ulevi?"

"Nipe makopo machache tu. Ikishindikana, nitakuchotea maji wiki nzima."

"Utachota. Na hiyo shati utaniachia kama rehani."

Nilipanga chupa ndani ya beseni, nikatia maji kidogo, nikamwaga yurea na kukoroga kwa mti. Ghati alitia kidole chake akiwa bado ananicheka. Kicheko kikakatika. Akatoa kidole, akakitazama, akakirudisha tena. "Mura," aliniambia polepole, yaani kijana, "hii kitu imekufa baridi."

Nataka mlielewe jambo hili, kwa sababu ndilo lililonipandisha na ndilo lililoniangusha. Darasani tulilisoma kwa Kiingereza, kwa majina marefu niliyoyakariri ili nifaulu. Machimboni nilijiwekea majina yangu mwenyewe. Kuna mambo yanayotoa joto, na kuna mambo yanayochukua joto. Kuachanisha vitu vilivyoshikana kunadai joto. Vitu vikishikana, joto linatoka. Punje ya yurea ikiingia majini inaachana vipande vidogo visivyoonekana, na kazi hiyo inahitaji joto jingi kuliko lile linalorudi maji yanapovikumbatia. Joto hilo litoke wapi? Linatoka kwenye maji yenyewe, na maji nayo yanalidai kwa chupa, na chupa kwa soda. Mkaa ni kinyume chake: ukishikana na hewa unatoa joto, na dhahabu iliyo juu yake inalipokea mpaka inayeyuka kama uji. Hayo ndiyo yote. Mengine ni kujua kiasi, na nitarudi kwenye neno hilo la kiasi.

Beseni lile nalo lilikuwa na mikasa yake. Maji ya yurea ni sumu kwa mfugo, hilo nililijua baadaye. Mbuzi wa mzee Marwa, mwenye eneo tulilochimba, alikuja akayanywa, akavimba tumbo, akafa kabla ya jioni. Mzee alikuja na fimbo yake.

"Nani amemuua mbuzi wangu?"

"Ni baridi, mzee," akajibu Masanja, akiwa amekaa juu ya lundo la mawe. "Amekunywa soda ya Kemia, amepata mafua ya ghafla."

Watu walicheka mpaka mzee mwenyewe akashindwa kukunja uso. Nilimlipa mbuzi mwingine, na tangu siku hiyo Ghati aliweka beseni juu ya meza.

Sasa nimemtaja Masanja. Alikuwa Msukuma kutoka Shinyanga, mrefu, mweusi, mwenye mwanya, aliyezunguka machimbo mengi kabla ya kufika Mara. Asubuhi alitusalimia wote kwa Kisukuma, "Wangaluka!" na sisi Wakurya tukamjibu kwa matusi madogo madogo ya kirafiki. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipofika nilijua kuandika alama za madini yote lakini sikujua kushika nyundo. Yeye alinishika mkono akanigongesha nyundo kwenye dari la shimo.

"Sikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachia linajibu kama debe bovu. Ukisikia debe, usiulize bei, toka."

Sheria zake zilikuwa nyingi na zote alizitoa kwa mzaha. Usile chini ya shimo, panya watakuzoea. Usikojoe kwenye matimba, ile miti ya kuzuia kuta. Lakini kuna moja aliyoitoa bila kucheka, nayo ilihusu matundu tuliyotoboa mwambani na kuyajaza baruti. "Tundu lililotiwa kitu halichunguliwi. Lipuke, lisilipuke, lilale, lizimike. Halichunguliwi." Alikuwa amewahi kumbeba mtu aliyechungulia.

Miaka ile ilikuwa mizuri, vijana wangu, ingawa tulilala kwenye maturubai na kuugua tumbo. Jumapili tuliimba kwenye kanisa la mabati, Mkurya, Mjaluo, Msukuma na Mnyakyusa, kila mmoja akivuta wimbo kwa lafudhi ya kwao. Jioni harufu ya dagaa wa Musoma ilipanda kilimani. Kalasha zenu zinasaga jiwe kwa injini. Sisi tulitwanga kwa nyundo, na wanawake walitwanga kwenye vinu vya chuma, na mlio ule ulikuwa na mahadhi, ukikosekana siku moja unajua kuna msiba. Zebaki ya kunasia dhahabu tuliichoma hadharani juu ya mkaa, kwenye kikaango, tukiinamia moshi kana kwamba ni mchuzi. Nyinyi mna vyombo vya kuukamata moshi ule. Vitumieni. Huu mkono wangu unaotetemeka ninapoandika haukuanza kutetemeka kwa sababu ya uzee.

Mambo yaligeuka pale mzee Marwa alipokataza baruti. Mwamba wetu wenye dhahabu ulielekea upande wa boma lake, na kila tulipolipua, ukuta wa nyumba yake uliongeza ufa. Akatuita. "Nyundo pigeni mpaka mchoke. Baruti, basi. Nikisikia tena, mnahama na masufuria yenu." Tukarudi kwenye nyundo na moko, ile nondo iliyochongwa ncha. Mwamba ule ulikuwa mgumu kupita kiasi. Watu wa duara la jirani walikuwa wanaukimbilia mwamba uleule kutoka upande wa pili, tena nje ya boma, kwa baruti. Tulisikia milio yao, tukatazamana.

Hapo ndipo nilipokumbuka chokaa.

Chini ya kilima mafundi walikuwa wanajenga kanisa, na nilikuwa nimewaona wakizima chokaa. Mawe meupe makavu yalitupwa kwenye shimo, maji yakamwagwa, na bila moto wowote shimo lilitokota, likatoa mvuke. Fundi mmoja alichemshia mayai humo. Jiwe la chokaa linapochomwa kwenye tanuru linachukua joto jingi na kutoa hewa iliyokuwa ndani yake. Linabaki kama mtu mwenye kiu. Likipata maji linashikana nayo kwa nguvu, na joto linatoka. Na si joto tu: linavimba. Nikafikiri, likivimba ndani ya tundu la mwamba, litakwenda wapi? Litapasua.

Na lilipasua kweli. Tulitwanga chokaa isiyozimwa, tukaichanganya na maji kidogo, tukaishindilia kwenye matundu na kuziba kwa udongo wa mfinyanzi. Tukaondoka tukala. Tuliporudi, mwamba ulikuwa na ufa kutoka tundu hadi tundu, umenyooka kama umekatwa kwa uzi. Hakuna mlio. Mzee Marwa alikuwa amelala usingizi wake wa mchana hata hakugeuka.

Masanja alinibeba begani. "Jamani, huyu si Kemia tena! Huyu ni mkwe wangu!"

"Una binti?" nikamuuliza.

"Nitamzaa kwa ajili yako!"

Wiki ile nilitembea kama aliyenunua kilima. Watu wa maduara mengine walikuja kuniuliza, nami niliwajibu nikiwa nimekaa. Nilisema chokaa ina joto la kutosha. Sikusema, kwa sababu sikulifikiria, kwamba maji yakichemka ndani ya tundu lililozibwa yanakuwa mvuke, na mvuke unatafuta njia.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Chokaa ilikuwa imeanikwa nje tangu asubuhi, imeshika moto wa jua, na maji tuliyotumia yalikuwa kwenye ndoo nyeusi. Fikirieni: joto la chokaa juu ya joto la jua. Na tundu moja tulilitoboa pana kuliko mengine, lililo kwenye mwamba wa nje, mlangoni mwa duara. Tulilijaza, tukaliziba, tukakaa pembeni. Matundu mengine yalianza kupasua. Lile pana likakaa kimya.

"Limelala," alisema Masanja.

"Nenda kaliangalie kama udongo umekauka," nikamwambia.

"Tundu lililotiwa kitu..."

"Ah, kaka! Hiyo ni sheria ya baruti. Hii ni chokaa. Hata bibi yangu anaweza kuchungulia."

Akacheka, kwa sababu alinipenda, na kwa sababu ya wiki nzima ya mafanikio yangu. Akaenda. Akainama.

Haukuwa mlio mkubwa. Ilikuwa kama mtu kufungua chupa iliyotikiswa. Uji mweupe wa moto ukaruka na kumpiga usoni. Masanja alianguka chali akishika macho, akapiga kelele, "Maji! Nipeni maji!"

Pipa la maji safi lilikuwa pale kibandani kwa Ghati, karibu kabisa. Watu wawili tayari walikuwa wamemshika mkono wampeleke. Na mimi, Kemia, nikasimama mbele yao nikanyoosha mikono.

"Msimguse na maji! Chokaa inawaka kwa maji! Mtampika macho!"

Wakasimama. Walinitii kwa sababu ya soda. Kwa sababu ya ufa ulionyooka. Walimshikilia mtu yule akiwa anapiga mateke na kuomba maji, nami nikimfuta uso kwa shati langu, nikimwambia, "Vumilia, kaka, vumilia, maji yataongeza moto." Ilichukua muda wa mtu kumaliza sigara. Huo ndio muda mrefu kuliko wote nilioishi.

Ghati alitoka kibandani. "Kwani mnamshika mtu kama ng'ombe wa dawa? Mwacheni!" Masanja alisikia sauti yake, akajirusha, akawaponyoka, akakimbilia kule sauti ilikotoka, mikono mbele. Kichwa chake kikaelekea kwenye meza ya soda. "Si beseni! Hiyo ni ya mbolea!" alipiga kelele Ghati. "Pipa! Kulia kwako, pipa!" Akazamisha kichwa chote ndani ya pipa. Akainuka, akavuta pumzi, akazama tena. Ghati akachukua kopo akawa anamwagia usoni bila kukoma, akimpanua kope kwa vidole vyake, akimfokea, "Fungua! Fungua jicho, Masanja!" Mimi nilisimama na shati langu lililojaa chokaa.

Sikilizeni sasa neno la kiasi. Maji kidogo yakikutana na chokaa, joto lote linabaki mahali padogo, na maji yanachemka. Maji mengi yakikutana na chokaa ileile, joto linalotoka ni lilelile, halikupungua, lakini limegawanywa kwenye pipa zima na mkono hausikii kitu. Tena maji mengi yanaiondoa chokaa yenyewe, ambayo hata ikipoa inaendelea kula nyama. Na jicho la mtu lina machozi. Yale ndiyo maji kidogo. Nilimwacha Masanja na kiasi kibaya kuliko vyote, nikamnyima kile kizuri. Kwa hiyo chokaa ikimwingia mtu machoni, pangusani haraka vipande vikavu, kisha maji, maji mengi yanayotiririka, bila kuacha, na mwendelee kumwagia njiani mpaka kwa daktari. Asiwepo mtu wa kuwazuia, hata kama amesoma.

Tulimpeleka kwa pikapu iliyokuja kuchukua mawe. Ghati alipanda naye nyuma akiwa na madumu, akamwagia njia nzima. Hospitali ilikuwa ya misheni. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, akamfunga macho yote mawili, akatuita nje.

"Maji yalikuwa mbali?"

Nikasema, "Yalikuwa karibu, daktari. Mimi niliyazuia."

Hakunifokea. Alisema jicho la kulia limeungua na halitarudi, na la kushoto tungojee kitambaa kitakapofunguliwa. Ningependelea anifokee.

Nilikaa kando ya kitanda kile siku zote za kungoja. Nilimlisha, nikamwongoza chooni. Hatukuzungumza lile jambo mpaka mchana mmoja nilipopiga magoti sakafuni.

"Kaka, nisamehe."

"Umepiga magoti?"

"Ndiyo."

"Sikuoni, kwa hiyo huenda unanidanganya." Akanyoosha mkono akanipapasa kichwa. "Kweli umepiga. Sasa subiri. Wakifungua kitambaa ndipo nitajua nakusamehe kwa macho mangapi."

Akageukia ukutani. Nilisikia akicheka, kisha nikasikia kwamba hakuwa anacheka.

Siku ya kufungua, Ghati alifika na beseni kichwani. Alikuwa amebeba chupa, maji na mfuko mdogo wa yurea, akavikoroga palepale chini ya dirisha, wauguzi wakimshangaa. Mimi sikugusa kitu. Daktari akafungua kitambaa. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa. La kushoto lilikuwa jekundu, limevimba, linatoka machozi. Akalipepesa.

"Kuna mtu kasimama dirishani," alisema Masanja.

"Nani?" daktari akamuuliza.

"Sijui. Amevaa kitenge. Ameshika chupa." Akakaza jicho. Akakaza tena. "Hiyo chupa inatoka jasho."

Ghati akakaa chini, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Masanja aliomba soda ile, lakini hakuinywa kwanza. Aliiweka juu ya jicho lililokufa, akaishikilia hapo mpaka ikaanza kupata joto la uso wake.

Hakurudi tena shimoni. Mwamba ule watu wa duara la jirani waliufikia kabla yetu, na mimi sikuutaka tena. Masanja alioa, akahamia Nyansurura, ana ng'ombe na mtama, na yule binti niliyeahidiwa akazaliwa na kuolewa na mtu mwenye akili kuliko mimi. Ghati alihamia kwa shangazi zake ng'ambo akafungua duka lenye jokofu la kweli. Mimi nilifanya kazi ya kuchenjua dhahabu miaka mingi baada ya hapo, na kila mahali nilipofika nilitafuta kwanza pipa la maji liko wapi.

Nyumbani kwa Masanja umeme umeingia. Wanawe wamemnunulia jokofu. Lakini nikienda kumtembelea anawaamuru wajukuu wailete soda ya moto kutoka dukani, na beseni, na yurea ya shambani. "Kemia amekuja," anawaambia. "Njooni muone mganga." Mbuzi wanafungwa mbali. Mimi ninakoroga kwa huu mkono unaotetemeka, na watoto wanatia vidole na kupiga mayowe, kama alivyoshtuka Ghati siku ile.

Masanja yeye hasogei. Anakaa kwenye kiti chake, nyuma kidogo, uso ameugeuza upande, jicho lake moja likinitazama mimi badala ya beseni. Ni yurea tu, anajua, na amejua miaka yote hii. Nainama mimi kwanza, naleta uso wangu wote juu ya maji, nakaa hapo kitambo nikiwa na macho wazi. Ndipo anapovuta kiti chake mbele.